Tarehe ya Kukisia

Rafiki yangu nilimpata chuoni, kwenye foleni ya kompyuta moja iliyokuwa ikifanya kazi kati ya zote za maabara. Alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akaniona nimeshika daftari langu kama mtu aliyekata tamaa, akasogea kidogo kwenye benchi akaniambia, "Kaa hapa tugawane." Tuligawana kompyuta ile, kisha chumba, kisha hata sketi ya kwendea mahojiano ya kazi. Baba yangu alipofariki, ni yeye aliyelala nami kwenye mkeka siku zote za matanga, na wamama wa kwetu Bungoma wakamzoea wakawa wanamtuma maji na kuni kama binti yao. Nayasema haya kwanza ili ieleweke kwamba simsimulii mtu niliyefanya naye kazi tu.

Baada ya chuo tulikodi chumba Kitale, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Singasinga. Chini walikata mabati kutwa, na sisi juu tukiandika programu za kompyuta huku meza ikitetemeka. Yeye alikuwa na mdomo. Angeingia ofisi asiyojuana na mtu, akatoka na kazi. Mimi nilikuwa mtu wa kiti: nipe shida, nifungie mlango, urudi jioni.

Kazi iliyotupa jina ilikuwa ya chama cha wafugaji wa maziwa. Ofisi yao ilikuwa Bungoma, lakini wanachama walitapakaa kutoka Kimilili hadi Misikhu. Walitaka tovuti ambayo mfugaji anaifungua kwenye simu yake, anajaza fomu fupi: namba ya hereni iliyo sikioni mwa ng'ombe, tarehe aliyopandishwa, na kama ameshapimwa mimba. Programu ingehesabu miezi yenyewe, halafu imtumie ujumbe: sasa acha kukamua, ng'ombe apumzike, sasa andaa zizi, wiki hii usiende mbali, atazaa.

Inaonekana kazi rahisi. Ugumu wake uko mahali ambapo mjazaji haoni. Kila kitu mtu anachoandika kwenye fomu ya tovuti kinafika kwenye programu kama maandishi matupu. Ukiandika saba, programu haipokei saba ya kuhesabia. Inapokea alama inayofanana na saba. Ni lazima mtu aketi, aiambie kisanduku kwa kisanduku: hiki ni namba ya kuhesabu; hiki kina tarakimu lakini ni jina tu, usikihesabu; hiki ni tarehe, na siku inatangulia mwezi; hiki ni ndiyo au hapana. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo maana kuna watu walioandika vipande vya programu vya bure vinavyotazama maandishi na kukisia vyenyewe ni ya aina gani.

Tulianza na kimoja cha vipande hivyo. Siku ya kukijaribu, rafiki yangu aliandika namba ya hereni inayoanza na sufuri, na ile sufuri ikamezwa. Kilidhani ni namba ya kuhesabu, na sufuri ya mbele haihesabiki. Kisha kwenye swali la mimba akaandika "hapana". Programu ikahifadhi ndiyo. Akarudia. Ndiyo. Tukagundua kwamba kwa kile kipande, kisanduku chochote ambacho si kitupu kilikuwa ndiyo.

"Hii mashine ni kama wale vijana wa stendi," rafiki yangu akasema. "Ukiwaambia hapana wanasikia ndiyo."

Tulicheka hadi mwenye duka akapanda ngazi kuuliza kama kuna habari njema.

Baada ya kicheko nilimwambia kwamba sitaki kukisia. Nitaandika aina ya kila kisanduku kwa mkono.

"Unatuchelewesha, bana," akasema. "Si tuiache ikisie, tutarekebisha baadaye?"

"Ng'ombe hangoji baadaye."

Alinitazama, akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi. "Haya. Wewe ndio mkubwa wa visanduku." Na nikaandika. Tarehe niliipa sheria kali kuliko vyote: siku kwanza, mwezi baadaye, mwaka uwepo. Mtu akikosea, fomu imkatalie na kumwomba arudie.

Mvua za mwezi wa tano zilipokuwa zimekolea, mama yangu aliteleza kwenye sakafu ya jikoni akavunjika nyonga. Nilihamia hospitalini Bungoma, nikawa nalala kwa jamaa aliye jirani na hospitali na kushinda kando ya kitanda chake. Rafiki yangu alikuja na uji kwenye chupa, akamlisha mama kijiko kwa kijiko, na alipoondoka alinishika mabega pale kwenye korido. "Wewe kaa na mama. Kazi niachie."

Nilimwachia. Siku chache baadaye alinipigia akiwa na furaha. Wageni wa shirika linalofadhili kile chama walikuwa wamefika ghafla kuona tovuti ikifanya kazi, na wameipenda. "Tuko sawa kabisa," akasema. Nilimwambia mama, na mama akamwombea baraka akiwa amelala chali.

Jumapili moja niliondoka hospitalini nikaenda Kimilili kumwona mama mdogo, ndugu wa mama yangu wa mwisho kuzaliwa. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mambo yote ya ng'ombe yalikuwa kichwani mwa marehemu, na aliondoka nayo. Mama mdogo alibaki na ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye alimwogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa gari aliloachiwa bila kufundishwa kuendesha. Nilimwandikisha kwenye tovuti yetu kwa simu yake mwenyewe, mimi nikibonyeza, yeye akinitajia.

"Alipandishwa lini?"

"Tarehe saba, mwezi wa tatu. Daktari alikuja na pikipiki yake asubuhi, nikiwa napalilia vitunguu."

Niliandika 7/3. Nilitaka kuongeza mwaka, lakini fomu ilikubali hivyo hivyo, ikasema asante. Nilijiambia kwamba labda rafiki yangu amelainisha sheria ile kidogo kuwasaidia wazee. Sikuwa na nguvu ya kuwaza zaidi. Akili yangu ilikuwa wodini.

"Na itanikumbusha kweli?" mama mdogo akauliza.

"Itakukumbusha."

"Basi hiyo karenda ya ukutani nitawachia mende."

Mwezi wa kumi na mbili, mama akiwa nyumbani anajifunza kutembea na fimbo, mama mdogo alipiga simu asubuhi. Hakusalimia.

"Ng'ombe amezaa."

"Bado, mama mdogo. Nimeona kwenye orodha, ni mpaka mwezi wa nne."

"Nakuambia amezaa. Na ndama amekufa."

Alikuwa amekwenda Misikhu kwenye mazishi, akamwacha ng'ombe amefungwa kwa kamba fupi kwenye mteremko nyuma ya nyumba, kwa sababu simu haikuwa imemwambia lolote. Alipoona maziwa yanapungua kabla ya safari ile, alidhani ni majani mabaya, akazidi kukamua. Ng'ombe alizaa peke yake. Ndama, jike, alikutwa chini ya mteremko akiwa bado kwenye utando wake, hakuna aliyekuwepo kumfungulia pua. Mama yake alikuwa amelala, hawezi kusimama, kwa kukamuliwa hadi siku ya mwisho.

"Wewe ndio uliniambia nisihesabu," mama mdogo akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilifungua laptopu pale pale mezani kwa mama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ile sehemu niliyoandika kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku. Haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari mmoja tu, unaoita kile kipande cha kukisia tulichokicheka Kitale. Kilikuwa kimesoma 7/3 kwa mtindo wa Wamarekani, mwezi kwanza: tarehe tatu, mwezi wa saba. Mwaka kikajijazia. Kibaya zaidi, aliyeandika 25/3 alisomwa sawasawa, maana hakuna mwezi wa ishirini na tano, na kipande kilikuwa na akili ya kugeuza. Kwa hivyo ng'ombe wote waliopandishwa siku za mwisho wa mwezi walikwenda vizuri, wenye nao wakaisifu tovuti, na waliopandishwa siku za mwanzo walipotezwa kimya kimya.

Nilimpigia rafiki yangu. Nyuma yake nilisikia mabati yakikatwa.

"Aa, ile," akasema. "Niliitoa wakati wa wageni. Fomu ilikuwa inakataa watu, kila mara ati tarehe si sahihi, na wale watu wamesimama nyuma yangu. Nikasema nitairudisha wakienda. Nikasahau. Woi, nilisahau kabisa."

"Ndama wa mama mdogo amekufa."

"Uuwi." Alilia. Nilimsikia akilia, na nikajikuta namtuliza. "Tutawaambia pamoja," akasema mwishowe. "Si ni sisi wawili?"

"Tutawaambia pamoja."

Sikuwa na hasira naye. Nataka hilo lijulikane. Kusahau kuko kwa kila mtu.

Mkutano wa wanachama uliitwa Bungoma, kwenye ukumbi wa kanisa waliouazima. Walijaa. Kulikuwa na mzee aliyeambiwa na simu aache kukamua miezi mingi kabla ya wakati, nyumba yake ikanywa chai ya rangi huku ng'ombe ana mimba changa. Kulikuwa na mama mdogo, safu ya tatu, amefunga kitambaa cheusi. Nilimtafuta macho, akatazama mikono yake.

Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya darasani, aliuliza kilichotokea. Rafiki yangu alisimama kabla yangu. Alikuwa amevaa vizuri. Aliomba msamaha kwa niaba ya ofisi yetu, akaeleza habari ya siku na mwezi kwa lugha ambayo kila mtu alielewa, vizuri kuliko ambavyo mimi ningeeleza. Kisha akageuka upande wangu na kuweka mkono kifuani.

"Hiyo sehemu ya tarehe ilikuwa mikononi mwa mwenzangu," akasema. "Lakini ninawaomba, wazazi wangu, tusimhukumu. Mama yake alikuwa mgonjwa sana. Alikuwa hospitali hapa hapa Bungoma. Mtu akiwa na mzigo kama huo, kazi inaweza kumponyoka. Tumwelewe."

Watu walisema mmh, ile ya huruma. Mwanamke aliyekaa karibu nami alinipapasa mgongo.

Nilisimama. Nilijua kitu kimoja tu cha kusema, lakini mdomo wangu ulianza na visanduku, na aina, na kipande cha kukisia, na jinsi maandishi yanavyofika matupu. Niliona nyuso zikifunga moja baada ya nyingine. Mwenyekiti aliinua kidole.

"Binti, subiri. Ni wewe ama si wewe?"

"Si mimi."

Ukumbi uliguna. Baada ya maneno yale ya upole ya rafiki yangu, hilo langu lilitoka kama tusi. Nilimtazama ili aseme neno moja tu. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayenionea haya.

Mwenyekiti akamgeukia mama mdogo. "Mama, wewe ndio ulipoteza ndama. Una la kusema?"

Mama mdogo alisimama nusu. "Sina. Yameisha." Akaketi.

Waliamua kwamba rafiki yangu aendelee na kazi, na mimi nizunguke kwa wanachama nisahihishe tarehe nilizoharibu.

Alinifuata hadi kwenye lango. "Usinitazame hivyo," akasema. "Ningesema ni mimi, wangetufukuza wote. Mimi ni mgeni hapa, mtu wa Kitale. Wewe ni mtoto wao. Wewe watakusamehe."

"Uliniambia pamoja."

"Hii ndio pamoja! Kazi bado tuko nayo, ama?" Alijaribu kunishika mkono kama zamani. Nilikuwa nimeshika mwavuli, nikauacha mwavuli uwe kati yetu. Sikurudi kwenye kile chumba cha juu ya mabati. Vitu vyangu alivituma kwa gari la mboga, vimefungwa vizuri, hata kikombe changu kimezungushiwa gazeti.

Nilizunguka. Nilikuwa na haki ya kukataa, lakini ng'ombe walikuwa na mimba kweli na tarehe zilikuwa za uongo kweli. Sikumwuliza mtu namba ya mwezi. Nilimwomba ataje jina la mwezi, au kilichokuwa kikifanyika shambani siku ile. Wengine walinikaribisha chai. Kule Misikhu mzee mmoja aliniuliza langoni, "Wewe ndio ule wa kuua ndama?" kisha, baada ya kuniangalia vizuri, akaniletea kiti. Kila nyumba nilipokelewa na huruma ile ile ya mama mgonjwa, na kila nyumba niliimeza.

Kwa mama mdogo nilikwenda mwisho. Niliona aibu, ingawa sikujua ya nini. Nilimkuta akipika. Ng'ombe alikuwa amepona, amekonda tu. Lakini pembeni yake zizini, amefungwa kwa kamba mpya, alisimama mtamba mzuri mwenye mabaka meusi, hereni yake bado inang'aa.

"Huyu ametoka wapi?"

"Ameletwa."

"Na nani?"

Mama mdogo alikoroga sufuria kwa muda. "Na hao wafadhili. Wanapatia wajane. Rafiki yako ndiye aliniandikisha nikawa wa kwanza."

"Lini?"

"Alikuja kabla ya mkutano." Alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye leso. "Nitakuambia, maana sitaki kuzeeka na hii kitu. Alikuja akapiga magoti hapo ulipokaa. Akaniambia ni yeye alitoa hiyo kazi yako kwa simu, si wewe. Akalia sana. Akasema ikijulikana ni yeye, wafadhili wataondoka na ng'ombe zao, kila mtu akose. Akaniomba ninyamaze tu. Nisidanganye. Ninyamaze."

"Ulinisikia nikisema si mimi."

"Nilikusikia."

"Na ulijua."

"Nilijua, mwanangu." Aliniangalia sasa, bila kukwepa. "Lakini wewe ni damu. Ningekukosea leo, kesho bado ungekuja hapa, na umekuja. Yule angenisahau kabla hajafika barabarani. Na mimi nilihitaji ndama. Wewe ungenipatia nini? Ukweli? Ningeukamua?"

Rafiki yangu aliniambia nitasamehewa kwa sababu ni mtoto wao. Mama mdogo aliniuza kwa sababu hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyenichukia. Ningejua la kufanya kama wangenichukia.

Alipakua chakula, kuku na ugali wa wimbi, sahani iliyojaa kama ya mgeni wa heshima. Kwetu huwezi kuondoka kwenye nyumba ya mama yako mdogo na sahani imewekwa mezani. Niliondoka. Nilisema nimeshiba, tukajua wote wawili kwamba sikuwa nimekula tangu asubuhi. Alinisindikiza hadi kwenye ua wa michongoma akasimama pale. Niligeuka nikiwa mbali. Alikuwa bado amesimama.

Sasa nafanya kazi peke yangu Bungoma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Natengeneza tovuti za shule ndogo na zahanati. Chama cha wafugaji kiko na rafiki yangu hadi leo, na nasikia ameajiri vijana na kuhamia jengo lenye lifti. Aliniandikia mara moja: "Sasa. Mama anaendeleaje?" Nilimjibu kwamba anaendelea vizuri. Ni kweli, na sikuwa na jingine.

Mama sijamwambia. Anauliza kwa nini yule msichana hajaonekana siku nyingi, na mimi nasema kazi ni nyingi. Akimtaja ndugu yake, anamsifu kwamba hajawahi kuwatupa watu wake.

Juzi mama mdogo alikuja kumwona, amebeba maziwa kwenye kibuyu na maboga mawili. Waliketi barazani wakicheka kwa Kibukusu mambo ya utotoni. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Mwanangu," akaita, "kuja ukae na sisi."

Nilikausha mikono nikaenda. Alisogea, akanipa nafasi kwenye benchi, nikaketi mwisho kabisa, mama akiwa katikati yetu.